Mcheza Kwao Hutuzwa: Tuipimeje Kazi ya Usalama Barabarani?



Katika somo la toleo hili tutazame jambo linalozungumzwa sana siku ya sherehe na kusahaulika kesho yake: sifa na tuzo zinazotolewa kwa kazi za barabara. Barabara inapomalizika hukatwa utepe, husomwa hotuba, na kibao chenye jina la mgeni wa heshima hubandikwa ukutani. Kisha wageni huondoka. Wanaobaki na barabara ni dereva wa lori atakayeipita usiku, utingo wake, mwenye bodaboda, mama anayekwenda sokoni, na mtoto anayeivuka asubuhi na jioni.

Maswali yetu ni mawili. Tutajuaje kwamba kazi iliyosifiwa imestahili sifa? Na ikiwa imestahili, ni nani apewe sifa hiyo?

Hatuulizi kwa husuda. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa, nasi twataka waliofanya vizuri watuzwe. Lakini tuna sababu ya kuwa waangalifu. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani mwaka 2021. Hao ni zaidi ya watu 3,200 kila siku. Zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Na kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, hakuna kinachowaua kwa wingi kuliko ajali hizo.

Sehemu hii ya Kiswahili husomwa na wenzetu wengi walioko safarini katika njia ya Mombasa, Malaba na Kampala. Kwa mwenzetu dereva, na kwa mwenzetu anayemwaga lami, barabara ni mahali pa kazi kama vile kiwanda kilivyo kwa fundi wa mitambo. Kwa hiyo usalama wa barabara ni usalama wa kazini. Tukizoea kupigia makofi kazi mbovu, watakaozikwa ni sisi na watoto wetu.

1. Kazi ambayo matunda yake hayaonekani

Mganga akimponya mgonjwa, mgonjwa huyo hurudi kushukuru. Fundi akijenga nyumba, mwenye nyumba huingia akalala. Kazi ya usalama barabarani si hivyo. Mtoto ambaye hakugongwa hajui kwamba angegongwa. Amevuka, amefika darasani, ameketi. Mama yake hana habari, na fundi aliyejenga tuta lililolipunguza lile gari mwendo naye hana habari.

Kwa sababu hiyo, sifa huenda kwa vitu vinavyoonekana kwa macho: lami nyeusi, taa mpya, daraja refu. Barabara pana iliyonyooka huitwa maendeleo, hata kama magari yamepata nafasi ya kwenda mbio zaidi kupita kati ya kijiji. Kivuko cha milia na matuta mawili mbele ya shule hakuna anayevikatia utepe.

Hapana budi basi tujifunze kuona kisichoonekana. Njia ya kukiona ni moja tu, nayo ni kuhesabu.

2. Mfano kutoka kwa jirani: Dar es Salaam

Mji wa Dar es Salaam ulipata tuzo mbili za kimataifa katika muda mfupi. Ya kwanza ilikuwa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018, kwa ajili ya mabasi yaendayo haraka yaliyoanza kazi Mei 2016. Tuzo hiyo ilistahili furaha yake, na kila mpita njia aliweza kuyaona mabasi yenyewe.

Ya pili ilitangazwa mjini New York Aprili 2019. Ni tuzo ya miji iitwayo Ross, ya taasisi ya World Resources Institute, iliyokuwa ikitolewa kwa mara ya kwanza. Fedha zake zilikuwa dola 250,000. Miongoni mwa miradi iliyofika hatua ya mwisho ulikuwamo ule mashuhuri wa Medellín, nchini Kolombia, ambako watu wa vitongoji vya mlimani hubebwa na vibanda vinavyoning'inia kwenye kamba za chuma. Lakini ulioshinda ni mpango wa kurekebisha njia za watoto wa shule, uitwao SARSAI, ulioanzishwa na shirika lisilo la serikali liitwalo Amend.

Walifanya nini? Kwanza waliuliza. Walitafuta ni shule zipi zenye watoto wengi wanaoumizwa na magari. Kisha walizitazama njia ambazo watoto huzipita kwa kweli, si zile zilizochorwa kwenye ramani. Baada ya hapo ndipo kazi ya mikono ilipoanza: matuta ya kupunguza mwendo, vivuko vya milia, njia za miguu zilizotengwa na magari, nguzo fupi za kuyazuia magari yasipande huko, na alama za barabarani. Pengine hata lango la shule lilihamishwa lisifungukie kwenye barabara yenye hatari. Mwisho, watoto walifundishwa kuitumia njia yao mpya.

Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji mitambo ya ajabu. Ni saruji, rangi, chuma, mabomba ya alama, na mafundi wanaojua kazi yao. Lakini matokeo yalipimwa. Mwendo wa magari karibu na shule ulipungua, mahali pengine hadi asilimia 60. Na utafiti uliolinganisha shule zilizotengenezewa na shule nyingine za mji huo huo ulionyesha kwamba idadi ya watoto wanaoumia ilipungua kwa asilimia 26.

Tuielewe vizuri namba hii. Maana yake ni kwamba pale ambapo watoto 100 wangeumia, 26 hawakuumia. Pia maana yake ni kwamba 74 bado waliumia. Sifa ya kweli huyasema yote mawili. Inatuambia kwamba kazi ni njema, na inatuambia kwamba kazi haijaisha.

3. Vipimo vitano vya kazi inayostahili sifa

Kutokana na mfano huo na mingine, twaweza kuweka vipimo vitano. Tawi lolote laweza kuvitumia linaposikia kwamba mradi fulani umefaulu.

Kipimo cha kwanza: Je, walihesabu kabla ya kuanza? Mradi usiojua ni watu wangapi waliumia jana hauwezi kusema wangapi wamepona leo. Ukiuliza takwimu za kabla ya kazi ukajibiwa kwa kilomita za lami na gharama, umejibiwa jambo jingine.

Kipimo cha pili: Je, walilinganisha na mahali pengine? Hapa watu wengi hudanganyika hata kama hakuna aliyekusudia kuwadanganya. Tuchukue mfano wa kubuni. Kuna kona ambayo kwa kawaida huwa na ajali 4 au 5 kwa mwaka. Mwaka mmoja, kwa bahati mbaya tu, zikatokea 9. Watu wakalalamika, kibao cha onyo kikawekwa. Mwaka uliofuata zikatokea 5. Ikatangazwa kwamba kibao kimepunguza ajali karibu nusu. Kumbe kona imerudi tu kwenye kawaida yake, na hata kibao kisingewekwa huenda zingekuwa 5 vile vile. Dawa ya kosa hili ni kutazama pia kona nyingine ya namna ile ile ambayo haikuguswa, kama walivyofanya Dar es Salaam kwa shule zao.

Jirani zetu wa Kenya wametupa mfano mwingine. Wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown cha Marekani, James Habyarimana na William Jack, walijaribu kubandika ndani ya matatu karatasi zenye maneno ya kuwahimiza abiria wasinyamaze dereva anapoendesha vibaya. Baadhi ya magari yalibandikwa na mengine hayakubandikwa, na madereva walioziacha karatasi mahali pake waliingizwa katika bahati nasibu ya kushinda fedha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba madai ya bima ya ajali yalipungua kati ya nusu na theluthi mbili. Wangeweza kuridhika na sifa hiyo. Badala yake walirudia jaribio kwa magari mengi zaidi, na matokeo ya mwaka 2015 yakaonyesha upungufu wa kati ya robo na theluthi. Namba imekuwa ndogo, lakini imekuwa ya kuaminika zaidi, na bado ni watu wengi waliorudi kwao wazima. Tunawasifu kwa namba ya pili kuliko ya kwanza.

Kipimo cha tatu: Je, ajali zimeondoka au zimehama? Ukiweka uzio katikati ya barabara watu wasivuke sokoni, ajali za sokoni zitapungua. Lakini ikiwa mama mwenye kikapu kichwani sasa anavuka mita 300 mbele, gizani na penye kona, hatujamwokoa. Hesabu lazima ivuke mpaka wa mradi. Kadhalika tuulize ni nani aliyenusurika. Barabara iliyomlinda mwenye gari na kumwongezea hatari mwenye baiskeli haijawa salama.

Kipimo cha nne: Je, itadumu? Rangi ya kivuko hufutika. Tuta huliwa na magurudumu. Alama huibwa zikauzwa kama chuma chakavu. Na sheria nayo hufutika kama rangi isipotunzwa. Tarehe 1 Februari 2004 Kenya ilianza kutekeleza kanuni za magari ya abiria zinazojulikana kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, hayati John Michuki: kidhibiti mwendo kisichozidi kilomita 80 kwa saa, mikanda ya usalama, mstari wa manjano ubavuni, na sare kwa dereva na makanga. Mabadiliko yalionekana barabarani, na Michuki akasifiwa sana. Lakini Novemba 2018 serikali ililazimika kuanzisha msako mpya ili kanuni zile zile zifuatwe. Tunajifunza kwamba tuzo ya mwaka wa kwanza ni ya kuanza. Yafaa iwepo tuzo nyingine, ya mwaka wa kumi, kwa aliyepaka rangi upya.

Kipimo cha tano: Je, waliojenga walirudi nyumbani salama? Hiki ni kipimo chetu wenyewe, na mara nyingi waamuzi wa tuzo hawakiulizi. Kibarua anayeshika bendera kuongoza magari kwenye vumbi, bila fulana ya kung'aa na bila kizuizi mbele yake, yuko katika hatari ile ile ambayo mradi umekuja kuiondoa. Barabara ya usalama iliyojengwa kwa damu ya waliojenga haistahili kuitwa mafanikio.

4. Sifa ni ya nani?

Ajali ikitokea, jina la kwanza kutajwa ni la dereva. Ajali zikipungua, jina la kwanza kutajwa ni la mkubwa. Mizani hii haiko sawa.

Hatusemi kwamba dereva hana wajibu. Dereva mlevi, au anayekimbiza gari penye watoto, hatutamtetea. Wahenga wamesema mgala muue na haki yake umpe. Lakini tukumbuke kwamba binadamu hukosea, na kosa dogo halipaswi kuwa hukumu ya kifo. Ndiyo maana mwaka 1997 bunge la Uswidi lilipitisha siasa ya kutokubali kifo chochote barabarani, na kusema kwamba wanaochora barabara, wanaozimiliki na wanaotengeneza magari wana wajibu pamoja na wanaozitumia. Mwaka 1998, karibu na mji wa Gävle, walijaribu kutenganisha magari yanayokutana kwa kamba ya chuma katikati ya barabara, ili dereva aliyesinzia agonge kamba badala ya kugonga familia inayokuja mbele yake. Mwaka ule wa 1997 watu 541 walikufa katika barabara za nchi hiyo. Kufikia miaka ya 2020 idadi kwa mwaka ilikuwa imeshuka chini ya nusu.

Ikiwa wajibu ni wa wengi, sifa nayo ni ya wengi. Tumtaje mhandisi aliyekubali kupunguza upana wa njia ya magari ili waenda kwa miguu wapate nafasi, ingawa alijua atalaumiwa na wenye haraka. Tumtaje fundi aliyelipima tuta kwa makini, kwa sababu tuta lililosimama mno huvunja springi na kuumiza abiria, na lililolala mno halimpunguzi mtu. Tuwataje vibarua waliochora milia usiku ili mchana magari yapite. Tumtaje mwalimu aliyeweka orodha ya watoto walioumia, maana bila orodha yake mhandisi asingejua pa kuanzia. Tumtaje mwenzetu dereva ambaye kwa miaka mingi amepeleka mizigo bila kumgusa mtu. Huyo hakuna gazeti linaloandika habari zake, kwa sababu hakuna kilichotokea. Na kwake yeye, kutotokea kitu ndiyo kazi aliyoifanya.

Tusiisahau sauti ya mwenye njia. Asifuye mvua imemnyea. Kabla ya kumtuza yeyote, aulizwe mtoto anayevuka, aulizwe kipofu na mwenye mkongojo, waulizwe wachuuzi wanaokaa kando ya barabara hiyo kutwa. Wakisema pamekuwa pazuri, na hesabu ikakubaliana nao, hapo sifa imekamilika.

5. Kazi ya tawi

Somo bila kazi ni maneno matupu. Tunapendekeza kila tawi lichague mahali pamoja palipotengenezwa karibuni, au panapolalamikiwa, na kufanya haya.

Kwanza, pimeni mwendo. Hakuna haja ya mashine. Pimeni mita 100 kando ya barabara, wekeni alama mbili, mtu mmoja mwenye saa asimame mahali salama mbali na ukingo, ahesabu sekunde ambazo gari linatumia kutoka alama moja hadi nyingine. Sekunde 12 ni kilomita 30 kwa saa. Sekunde 9 ni kilomita 40. Sekunde 6 ni kilomita 60. Chukueni magari yasiyopungua 50, kwa siku mbili tofauti, mwandike yote, si yale ya mbio peke yake.

Kwa nini mwendo? Kwa sababu ndio unaoamua kama kosa litakuwa mshtuko au msiba. Ikiwa dereva anahitaji sekunde moja kutambua hatari, kwa kilomita 30 gari limeshakwenda mita 8 kabla hajagusa breki, na kwa kilomita 60 karibu mita 17. Tena mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu ya gari inayopaswa kuzimwa na breki huongezeka mara nne. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia 1 tu, hatari ya ajali ya kuua huongezeka kwa takribani asilimia 4. Kwa hiyo dakika mbili zilizookolewa na bosi mwenye haraka zina bei, na bei hiyo hulipwa na mtu mwingine.

Pili, wekeni daftari la tawi. Andikeni tarehe, saa, mahali, aliyeumia alikuwa nani barabarani (mwenda kwa miguu, abiria, dereva), na hali ya barabara. Msiandike majina wala kutafuta wa kulaumu. Daftari la lawama huwafanya watu wafiche habari. Daftari la hesabu huwafundisha.

Tatu, baada ya mwaka pelekeni daftari kwa halmashauri na kwa mhandisi wa barabara. Pale palipoharibika, dai litakuwa na namba. Pale palipotengenea, andikeni barua ya shukrani mtaje mafundi. Barua ya namna hiyo kutoka kwa chama cha wafanyakazi ina uzito, kwa sababu imetoka kwa wanaoijua barabara.

Maswali ya kujadili tawini

1. Ni kazi gani ya barabara katika eneo lenu iliyosifiwa hadharani? Mwavijua vipimo vingapi kati ya vitano ambavyo imevitimiza?

2. Mradi unasema umepunguza ajali kwa nusu. Taja maswali matatu ambayo mngeuliza kabla ya kukubali.

3. Mwajiri anatoa zawadi kwa dereva anayefika mapema kuliko wote. Zawadi hiyo inamfundisha dereva nini? Pendekezeni zawadi nyingine.

4. Katika barabara iliyo karibu na tawi lenu, kama kibao kingewekwa chenye majina ya waliostahili, majina hayo yangekuwa ya kazi zipi?

Ndugu zetu, hatutaki sherehe zipungue. Twataka ziwe za kweli. Siku itakapofika ambapo kibao cha barabara kitaandikwa, chini ya jina la mgeni wa heshima, ni watoto wangapi waliokuwa wakiumia hapo na ni wangapi sasa, siku hiyo hata mpita njia atakayesimama kusoma ataweza kupiga makofi bila kuambiwa.